Winslow Homer na Mtu wa Mkondo wa Ghuba

Sisi tunaosoma fasihi tumezoea kuyatazama maji kama jazanda. Bahari katika ushairi huwa safari, huwa riziki, na aghalabu huwa mauti. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaweza kuyaeleza hayo bila kufungua daftari. Ni nadra, hata hivyo, tukumbuke kwamba wachoraji nao wameishughulikia jazanda iyo hiyo, tena bila msaada wa neno hata moja. Makala haya yanaangazia maisha ya Winslow Homer, Mmarekani aliyemchora binadamu mbele ya bahari kwa zaidi ya miaka thelathini na ambaye, alipoombwa kueleza maana ya picha zake, alinyamaza au alijibu kwa kejeli.

Homer alizaliwa mjini Boston tarehe 24 Februari 1836. Mama yake, Henrietta, alichora kwa rangi za maji, na yamkini ndiye aliyekuwa mwalimu wake wa kwanza. Baba alikuwa mfanyabiashara ambaye ndoto zake za utajiri zilikwenda arijojo. Akiwa na umri wa miaka kumi na tisa hivi, kijana alipelekwa kwa mchapishaji mmoja wa picha ili ajifunze kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kunakili, siku nenda siku rudi, na alipoutimiza muda wake aliazimia kutomtumikia bwana yeyote tena. Akawa anayachorea majarida, hasa Harper's Weekly, na mwaka 1859 akahamia New York. Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vilipozuka mwaka 1861, jarida hilo lilimtuma kwenye medani. Huko hakuvutiwa sana na mashujaa wenye panga. Alimchora askari anayesubiri, anayechoka, anayekumbuka kwao. Baada ya vita aliwachora pia Waamerika weusi wa Virginia waliokuwa wametoka utumwani, na picha kama ile ya wanawake wawili wachumao pamba (1876) iliwapa heshima ambayo vikaragosi vya magazeti ya siku hizo viliwanyima.

Maji yaliingia kwake kwa upole. Katika kiangazi cha 1873, akiwa Gloucester, mji wa wavuvi katika jimbo la Massachusetts, alianza kutumia rangi za maji kwa dhati, na hadi mwisho wa maisha yake alikuwa ameacha takriban picha 700 za aina hiyo. Bahari ya wakati huo ni uwanja wa watoto. Katika picha mashuhuri aliyoikamilisha mwaka 1876, mwanamume mmoja na wavulana watatu wanakwenda joshi kwa upepo mwema, na nanga iliyo kwenye omo imefasiriwa na wahakiki kuwa ishara ya matumaini.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1881. Homer alivuka Atlantiki akafikia Cullercoats, kijiji cha wavuvi kaskazini-mashariki mwa Uingereza, akakaa huko hadi Novemba 1882. Wanaume wa Cullercoats waliondoka na mashua, na wanawake wakabaki ufuoni wakishona nyavu, wakibeba makapu ya samaki na, zaidi ya yote, wakisubiri. Kusubiri huko ndiko alikokuchora. Aliporejea kwao hakuitaka tena New York. Mwaka 1883 alihamia Prouts Neck, rasi ya miamba katika jimbo la Maine, ambako banda la magari ya farasi la familia liligeuzwa kuwa makao yake, likawekewa roshani ya kuitazama bahari. Hakuoa. Wengi wamemwita mtawa, jambo ambalo nadhani limetiwa chumvi, maadamu ndugu zake walikuwa jirani kila kiangazi, naye hakuacha kusafiri kwenda kuvua samaki.

Picha za miaka hiyo zinauma. Katika moja ya 1884, mwokoaji na mwanamke aliyezirai wananing'inia kwenye kamba juu ya mawimbi, na uso wa mwokoaji umefunikwa na kitambaa chekundu, hivi kwamba hatumjui ni nani. Katika nyingine ya 1885, mvuvi aliye peke yake ndani ya mashua ndogo iliyosheheni samaki anageuza kichwa kuitazama meli yake iliyo mbali, ilhali ukungu unatanda. Tafadhali msomaji, ishike picha hiyo ya mvuvi.

Miaka kumi na minne baadaye, mwaka 1899, Homer alichora Mkondo wa Ghuba. Alikuwa amezuru Bahamas na Kuba tangu majira ya baridi ya 1884 na 1885, na mkondo huo wa bahari alikuwa ameuvuka mara nyingi. Hapa kuna mashua iliyovunjika mlingoti, papa wanaoizingira, na kimbunga cha maji kinachokuja kutoka upande wa kulia. Juu ya sitaha amejilaza mwanamume mweusi, kifua wazi, akiegemea kiwiko. Kando yake imetawanyika miwa. Wahakiki wa baadaye wameiona katika miwa hiyo historia nzima ya mashamba ya sukari na watu waliovushwa baharini kwa minyororo ili wakayalime. Mimi sioni namna ya kuitazama vinginevyo.

Picha ilipoonyeshwa Philadelphia mwaka 1900 iliwakera wengi. Iliporudi, Homer aliigusa tena: aliuvunja ukingo wa mashua, akalidhihirisha jina lake, akaongeza meli ndogo kwenye upeo wa macho, upande wa kushoto. Wapo wanaosema aliiongeza ili kupunguza ukiwa. Siafiki. Yule mvuvi wa 1885 aliitazama meli yake. Mtu huyu macho yake yameelekea kwingine, na meli inapita bila yeye kuiona. Tumaini ambalo mwenye shida halioni ni tumaini la nani, kama si la mtazamaji aliyesimama salama mbele ya picha?

Mwaka 1902 baadhi ya watazamaji walitaka kujua hatima ya mtu huyo. Homer alimwandikia mwuza picha wake kwamba mada imo ndani ya jina la picha, kwamba mashua na papa ni mambo madogo, na kwamba wanawake waliouliza waelezwe kuwa masikini huyo ataokolewa, atarudishwa kwa jamaa zake na kuishi raha mustarehe. Wengi huicheka barua hiyo. Nakiri kwamba inanikera. Kejeli ilielekezwa kwa waulizaji, lakini aliyetumiwa kama mzaha ni yuleyule ambaye brashi ilikuwa imempa utu kamili. Pengine mkono wake ulijua zaidi ya ulimi wake.

Jumba la Makumbusho la Metropolitan lilikuja kuinunua picha hiyo mwaka 1906. Mwaka 1936 Alain Locke, mwanafalsafa Mwamerika mweusi, aliitaja kuwa iliyovunja mazoea ya kumchora mtu mweusi kama kichekesho cha shambani. Derek Walcott, mshairi wa Saint Lucia, alimwingiza mtu huyo katika utenzi wake Omeros wa 1990, akamwona kuwa ni wa kwao, mvuvi wa visiwani, na mwaka 2003 mchoraji Kerry James Marshall alichora picha yenye jina hilohilo ambamo watu weusi wanajivinjari mashuani.

Homer alifariki Prouts Neck tarehe 29 Septemba 1910, akiwa na umri wa miaka 74. Kati ya kazi alizoziacha bila kuzikamilisha ni picha ya watu ndani ya mtumbwi wakiteremka kwenye maporomoko ya mto Saguenay, nchini Kanada, maji yakichemka kila upande.