Nahodha Aliyeomba Kupakiwa

Nikiwa Majengo ya Meru kwa ndugu zangu, alinijia kijana anayetaka kuomba ubaharia wa kujitolea katika mashindano ya mashua za matanga ya kuvuka bahari kuu. Kuogelea hajui. Mama yake alikwisha nisihi nimkataze. Mimi nikamsimulia habari za marehemu Alan Villiers.

Bwana huyo alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1903, akaingia merikebuni angali mtoto. Mwaka 1934 alinunua merikebu, Joseph Conrad, akachukua vijana wengi wasio na ujuzi, na kwa miaka miwili wakaizunguka dunia.

Juu ya sifa zote hizo, mwaka 1938 alikwenda Aden kuomba apakiwe katika jahazi la Kikuwait. Nahodha Ali bin Nasir al-Najdi akampokea katika bumu lake, Bayan. Kwa pepo za kaskazi wakashuka Mogadishu, Mombasa na Unguja, wakaenda Rufiji kupakia boriti za mikoko. Pepo za kusi zikawarejesha Kuwait mwaka 1939. Villiers, nahodha mzima, alilala sitahani akitazama na kuuliza. Ndiyo maana kitabu chake cha mwaka 1940 kimetuhifadhia kazi ya wazee wetu.

Alifariki Oxford mwaka 1982.

Mama mtu aniwie radhi, sikumkataza mwanawe. Nilimwambia kwanza ateremke Mombasa, ajifunze kuogelea, amwombe mvuvi ampakie ngalawani. Barua ya maombi aiandike baadaye, Inshallah.