Rudolf Diesel na Injini ya Mafuta ya Njugu

Neno dizeli twalisikia kila uchao: kwenye kituo cha petroli, kwa dereva wa lori, hata kwa jenereta stima inapopotea. Wengi hawajui kwamba hilo ni jina la mtu. Tena injini ya bwana huyo iliwahi kunywa mafuta ya njugu karanga!

Rudolf Diesel alizaliwa Paris tarehe 18 Machi, 1858, wazazi wake wakiwa Wajerumani. Vita vya 1870 vilipozuka, jamaa hiyo ilihamia London, naye Rudolf, kijana wa miaka 12, akapelekwa Augsburg, Ujerumani, kukaa na jamaa zake. Mwaka wa 1880 alihitimu katika Chuo cha Ufundi cha Munich kwa alama za juu ajabu.

Darasani alikuwa amesikia kwamba injini ya mvuke hupoteza karibu nguvu zote za makaa. Jambo hilo lilimkera sana. Basi akawaza injini inayobana hewa mpaka iwe moto kabisa, mafuta yakiingia yawake yenyewe bila cheche. Jaribio la kwanza, Agosti 1893, lililipuka na kuvunja kifaa cha kupimia. Hakukata tamaa. Februari 1897 injini yake ilitumia vyema asilimia 26 ya nguvu za mafuta, hali zile za mvuke zilikuwa zikipata kama asilimia 10 tu. Si mchezo!

Katika Maonyesho ya Paris ya 1900, injini ndogo ya aina yake iliendeshwa kwa mafuta ya njugu, na ni wachache waliotambua. Serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio hilo, maana njugu zilijaa katika makoloni yake ya Afrika. (Wenye njugu, bila shaka, hawakuulizwa.) Diesel mwenyewe aliamini kwamba mafuta ya mimea yangekuja kuwa na thamani kama petroli.

Hakuiona siku hiyo. Usiku wa tarehe 29 Septemba, 1913, akisafiri kwa meli kutoka Antwerp kwenda Uingereza, alitoweka. Maiti ilipatikana baharini siku kadhaa baadaye. Alikuwa na madeni makubwa. Wengine hudhani alijitosa, wengine hudai aliuawa.

Kasoro ya mafuta ya mimea ni uzito. Ni mazito zaidi ya mara kumi kuliko dizeli, hivyo huziba injini na kuacha masizi. Dawa yake ni kuyachanganya na alkoholi pamoja na kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mabadiliko bila chenyewe kuisha. Gliserini huzama chini, na juu hubaki mafuta mepesi. Mwaka wa 1937 Mbelgiji G. Chavanne alipata hataza ya kazi hiyo akitumia mafuta ya mawese ya Kongo, na asidi ndiyo iliyokuwa kichocheo. Mwaka wa 1938 basi la abiria likaendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain.

Siku hizi viwanda vingi hutumia kostiki soda au dawa za jamii yake. Hufanya kazi haraka, lakini mafuta yakiwa machafu, kama yale yaliyokwisha kukaangia chipsi, hugeuka sabuni. Ndiyo sababu wanakemia wanatafuta vichocheo vigumu, vinavyoweza kuchujwa na kutumiwa tena. Kimojawapo ni chokaa iliyochomwa, na kuna walioipata kutoka kwa maganda ya mayai. Shida ni kwamba hewa yenye unyevu huiharibu upesi.