Maisha ya Max Rubner, mtu aliyepima moto wa mwili

Mara hii tunapenda kuwaelezea habari ya Max Rubner. Wengi wetu tuliandika jina lake mu kaye ya biolojia, lakini hatukujua alikuwa mtu wa namna gani.

Alizaliwa München, Ujerumani, mwaka wa 1854. Alisoma udaktari mu mji ule ule, kiisha akafanya kazi pamoja na mwalimu wake Carl Voit. Ulizo lake lilikuwa hili: chakula tunachokula kinageuka nini ndani ya mwili?

Mwaka wa 1883 alipima imbwa wakubwa na wadogo. Akaona kama kwa kila kilo ya mwili, mdogo anachoma chakula kupita mkubwa. Juu ya nini? Mdogo ana ngozi nyingi kwa uzito wake, na moto unatokea pa ngozi. Panya na ngombe wana moto karibu sawa, digri 37 mpaka 39, lakini panya anapashwa kuongeza kuni kila saa ili asipoe.

Mwaka wa 1891 aliitwa Berlin kushika nafasi ya Robert Koch, yule aliyevumbua mdudu wa kifua kikuu. Mwaka wa 1894 alionyesha kwamba moto unaotoka mu mwili wa imbwa unalingana na chakula alichotumia.

Mwaka wa 1908 akatoa kitabu juu ya urefu wa maisha. Alilinganisha simbilisi, paka, imbwa, ngombe na farasi. Kwa kilo moja ya mwili, wote walitumia karibu kalori zile zile tangu kukomaa mpaka kufa. Basi akafikiri kila nyama ana fungu lake la moto: anayechoma mbio, anakufa mbio.

Lakini mtu alikataa kuingia mu hesabu: yeye anatumia karibu mara ine. Rubner hakuficha jambo hilo, aliliandika.

Alikufa Berlin mwaka wa 1932. Nyuma yake wengine walipima popo, mwenye kuchoma sana na kuweza kupita miaka 30. Fungu lile likaanguka. Hata hivyo, mwaka wa 2006 kule Marekani, panya waliopunguziwa moto chini ya nusu digri waliishi kupita wenzao, ingawa walikula sawa.

Kwa hiyo, wenzetu wanaokataa mpira eti utamaliza miaka yao, waache woga. Na siku ya kuandika majaribio yetu, hesabu ikikataa, tuiandike vile vile, sawa Rubner alivyofanya.