Bruno Walter na Mtu Asiyetoa Sauti

Orkestra ni kundi kubwa la wapigaji wa vyombo vya muziki. Wengine hupiga fidla, wengine filimbi, wengine tarumbeta, na nyuma kabisa wako wapigaji wa ngoma. Mara nyingi hufika watu themanini na zaidi. Mbele yao husimama mtu mmoja mwenye kijiti mkononi. Huyu ndiye mkuu wa orkestra. Yeye hapigi chombo chochote wala hatoi sauti. Basi, kazi yake ni nini? Habari za Bruno Walter zatuonyesha.

Bruno alizaliwa Berlin, mji mkuu wa Ujerumani, tarehe 15 Septemba 1876. Wazazi wake walikuwa Wayahudi, na jina la ukoo wao lilikuwa Schlesinger. Mama yake alijua kupiga piano, naye ndiye aliyemfundisha kwanza. Mtoto akashika upesi. Alipokuwa na miaka minane akaingia chuo cha muziki cha Stern, na mwaka uliofuata akapiga piano mbele ya watu wengi. Mwaka 1889 akapiga pamoja na orkestra kubwa ya Berlin. Watu wote walisema kwamba mtoto huyu atakuwa mpigaji mkubwa wa piano. Na yeye mwenyewe aliona hivyo.

Mwaka ule ule Bruno alikwenda kusikiliza orkestra ikiongozwa na Hans von Bülow. Bülow alikuwa mzee wa karibu miaka sitini, mwenye sifa katika Ulaya nzima. Tena alikuwa na ajabu moja: aliweza kuongoza muziki mrefu bila kutazama kitabu cha nota, kwa maana aliuweka wote kichwani.

Watu wanaosikiliza orkestra huona mgongo tu wa mkuu wake. Lakini jioni ile Bruno alikaa upande wa nyuma ya wapigaji, juu, na kwa hiyo aliuona uso wa Bülow. Aliona macho yanayomwita huyu na kumtuliza yule. Aliona mkono ukiinuka kidogo, na mara fidla zote zikainuka pamoja nao. Aliona namna wapigaji walivyomtazama na kumtii kwa moyo. Ndipo mtoto akafahamu. Mzee huyu hakusimama bure. Chombo chake ni watu wale wote, naye awapiga kama vile mtu apigavyo piano. Toka jioni ile Bruno hakutaka tena kuwa mpigaji wa piano. Alitaka kuwa mkuu wa orkestra.

Lakini kutaka ni mwanzo tu. Mpigaji wa piano hujifunza chombo kimoja. Mkuu wa orkestra hana budi kujua vyombo vyote, na kusoma kwa mara moja mistari yote ya nota ambayo kila mpigaji husoma mmoja tu. Bruno alifanya kazi hiyo miaka mitano. Mwanzo wa mwaka 1894 Bülow, aliyekuwa mgonjwa, alikwenda Misri kutafuta hewa ya joto, akafa katika mji wa Cairo. Mwaka huo huo Bruno, kijana wa miaka kumi na saba, alishika kijiti mara ya kwanza mbele ya watu, katika mji wa Köln.

Kisha akaenda Hamburg. Huko alimkuta mkuu mwingine, Gustav Mahler, aliyekuwa pia mtungaji wa muziki. Mahler alikuwa mtu mkali sana kazini, lakini alimpenda Bruno na kumfundisha mengi. Mwaka 1896 Bruno akapata kazi katika mji wa Breslau. Huko watu wenye jina la Schlesinger walikuwa wengi mno, akaombwa abadili jina. Hivyo akawa Bruno Walter. Mwaka 1901 Mahler akamwita Vienna, mji mkuu wa Austria, awe msaidizi wake.

Katika Vienna alipata taabu. Waandishi wa magazeti walimlaumu kwamba hafai, na Walter mwenyewe akaanza kuamini maneno yao. Kisha mkono wake wa kuume ukaingiwa na maumivu hata hakuweza kuutumia. Alikwenda kwa mganga Sigmund Freud. Mganga hakumpa dawa yoyote. Alimwambia asafiri mpaka kisiwa cha Sicilia, asifikiri kazi. Aliporudi, mkono ulikuwa ungali na maumivu. Freud akamshauri aongoze tu, asiufikirie mkono. Walter akatii. Alipouelekeza moyo wake kwenye muziki, polepole mkono ukapona.

Mahler alikufa mwaka 1911, akaacha kazi mbili kubwa ambazo hakuna mtu aliyepata kuzisikia zikipigwa. Walter aliiongoza ya kwanza huko München mwaka ule ule, na ya pili huko Vienna mwaka 1912. Ndivyo alivyomshukuru mwalimu wake.

Mwaka 1933 Hitler alitwaa utawala wa Ujerumani, akaanza kuwatesa Wayahudi. Walter alikatazwa kuongoza katika mji wa Leipzig. Katika Berlin walitisha kwamba akijaribu, kila kitu ukumbini kitavunjwa. Akaondoka katika nchi aliyozaliwa, akakaa Austria. Mwaka 1938 askari wa Hitler wakaingia huko pia. Ufaransa ikampokea, na mwishoni mwa mwaka 1939 akavuka bahari kwenda Marekani. Alikuwa mtu wa miaka sitini na tatu, akaanza upya.

Siku moja ya Novemba 1943, Walter aliugua katika mji wa New York, na watu wamekwisha kualikwa. Kijana wa miaka ishirini na mitano, Leonard Bernstein, akaitwa kushika mahali pake bila mazoezi. Aliongoza vizuri, na siku ile sifa zake zikaanza kuenea. Mwaka 1947, vita vilipokwisha, Walter alikutana tena na wapigaji wa Vienna, huko Edinburgh katika nchi ya Scotland, wakapiga pamoja. Alikufa Marekani tarehe 17 Februari 1962, mwenye miaka themanini na mitano.

Wakuu wengi wa zamani waliwapigia kelele wapigaji wao. Walter aliwaambia kwa upole, akarudia mpaka wafahamu. Alijua jambo aliloliona utotoni katika uso wa Bülow: kijiti hakitoi sauti. Wapigaji wasipokubali kwa moyo, mkuu hupunga upepo tu.

Maulizo
1. Kwa nini Bruno aliweza kuuona uso wa Bülow?
2. Mkuu wa orkestra ajue nini kuliko mpigaji wa piano?
3. Walter alimshukuru Mahler kwa namna gani?
4. Kwa nini aliondoka Ujerumani?