Kocha Aliyeshindwa Akafaulu

Tumezoea kuwapima walimu na makocha kwa vikombe na alama. Maisha ya James Naismith yanakitia dosari kipimo hicho.

Naismith alizaliwa Kanada mwaka wa 1861. Mnamo Desemba 1891, akiwa mwalimu wa michezo mjini Springfield, Marekani, alitundika vikapu viwili vya matunda ukumbini, akaandika kanuni 13. Mpira wa kikapu ukazaliwa. Tangu 1898 hadi 1907 aliifunza timu ya Chuo Kikuu cha Kansas, ikashinda mechi 55 na kushindwa 60. Ajabu ni kwamba, katika makocha wote wa chuo hicho, mbuni wa mchezo ndiye pekee aliyeshindwa zaidi ya alivyoshinda.

Hata hivyo, miongoni mwa wachezaji wake alikuwemo Forrest Allen. Mwanafunzi huyo aliiongoza timu hiyo kwa misimu 39, akatwaa ubingwa wa kitaifa wa vyuo mwaka wa 1952. Naismith, aliyefariki mwaka wa 1939, hakuushuhudia ushindi huo.

Ikiwa mti hujulikana kwa matunda yake, basi mwalimu naye na apimwe kwa wanafunzi wanaompita.