Maisha ya Abraham-Louis Breguet, Fundi wa Saa

Wengi wetu tunatumia saa bila kuiwaza. Ikikimbia mbele tunairudisha nyuma, ikisimama tunaitikisa. Ikikataa kabisa tunaipeleka kwa fundi mwenye meza ndogo kando ya soko, na hapo woga unatushika, kwa maana hatujui kama saa itarudi na vyuma vyake vyote ao bila. Leo ninataka kuwaelezea maisha ya mtu mmoja aliyefanya kazi hii kupita karibu wote wa wakati wake. Hakuwaza tu siku ya kuuza saa. Aliwaza pia siku ile saa itakaporudishwa kwake imechoka.

Abraham-Louis Breguet alizaliwa tarehe 10 Januari 1747 katika mji wa Neuchâtel. Leo mji ule ni wa Uswisi, lakini siku zile mtawala wake alikuwa mfalme wa Prussia. Jamaa yake walikuwa Waprotestanti kama sisi. Mababu walitoka Ufaransa kisha mfalme Louis XIV kuvunja, mwaka 1685, sheria iliyowapa ruhusa ya kumwabudu Mungu kwa namna yao. Wengi wa wakimbizi wale walikuwa watu wa kazi za mikono, na Ufaransa ilipata hasara kubwa kwa kuwafukuza.

Baba yake alikufa mwaka 1758, mtoto akiwa na miaka 11. Mama akaolewa tena na bwana Joseph Tattet, mtu wa jamaa ya mafundi wa saa. Wanasema kijana hakupenda kazi ile kwa mwanzo; kukaa siku nzima umeinamia vyuma vidogo ni mateso kwa mtoto. Lakini akazoea, na mwaka 1762 akatumwa Versailles, karibu na Paris, kujifunza kazi kwa mkubwa mmoja. Alikuwa na miaka 15.

Hapa tukae kidogo. Mchana alifanya kazi, na mangaribi alikwenda kusoma hesabu katika koleji Mazarin, mjini Paris, kwa padri mmoja aliyeitwa Marie. Padri yule akamfundisha vizuri, na tena akamfungulia njia ya kujulikana kwa wakubwa wa jumba la mfalme. Wenzetu wanaosema kazi ya mikono ni ya wale walioanguka kwenye ekzame wafikiri neno hili: bila hesabu, Breguet angebaki fundi wa kubadilisha vioo.

Mwaka 1775 alioa binti Cécile L'Huillier, akafungua atelie yake kwenye kisiwa katikati ya mto Seine, mahali panapoitwa Quai de l'Horloge. Mwana wao Antoine-Louis akazaliwa mwaka 1776. Lakini mwaka 1780 Cécile akafa. Breguet alikuwa na miaka 33, na hakuoa tena. Kazi ikashika nafasi yote.

Sasa tuone saa ya siku zile ilikuwa na shida gani. Ndani yake kuna resori kubwa inayokazwa kwa ufunguo. Resori inasukuma magurudumu, na mwisho wa magurudumu kuna gurudumu moja linalokwenda na kurudi, kwenda na kurudi, likihesabu wakati. Mhimili wa gurudumu lile una ncha nyembamba sana, na saa ikianguka chini, ni ncha hiyo inayovunjika kwanza. Tena kuna mafuta. Fundi wa wakati ule alitumia mafuta ya mimea ao ya wanyama. Kisha miaka michache yanakuwa mazito kama gundi, vumbi linashikamana nayo, saa inakawia, mwisho inasimama. Dawa yake ni moja: kuifungua yote, kipande kwa kipande, kusafisha kila kimoja, kutazama kilicholika, kurudisha, na kutia mafuta mapya kidogo sana, kama tone kwenye ncha ya sindano. Hata leo saa ya resori ya bei kubwa inahitaji kazi hiyo kila kisha miaka michache. (Mjomba wangu alitia mafuta ya kupikia ndani ya saa yake. Haikutembea tena hata siku moja.)

Breguet alishika shida hizo moja moja. Tangu mwaka 1780 alijulikana kwa saa isiyohitaji ufunguo: ndani yake kuna uzito unaocheza wakati mwenyewe anatembea, na uzito huo unakaza resori. Hakuwa wa kwanza kuwaza jambo hili, lakini yeye aliifanya itembee vizuri. Mwaka 1790 akatengeneza kinga ya kuanguka: vijiwe vinavyoshika ncha za mhimili aliviweka juu ya resori ndogo, basi pigo likija vinakubali kusogea, kisha vinarudi mahali pake. Husimuliwa kwamba siku moja, nyumbani kwa waziri Talleyrand, aliangusha saa yake chini mbele ya wageni, akaiokota, nayo ikaendelea kutembea.

Saa zake zilikwenda kwa mfalme na kwa malkia Marie-Antoinette. Lakini mwaka 1789 mapinduzi yakaanza, na kujulikana kwa wakubwa kukawa hatari ya kichwa. Breguet alikuwa na rafiki upande wa pili pia, Marat, mtu wa nchi yake ya Neuchâtel na mmoja wa wakali wa mapinduzi. Wanasema kwamba siku moja watu walizunguka nyumba walimokuwa wote wawili, wakitaka kumwua Marat. Breguet akamvika nguo za mwanamke mzee, akamshika mkono, wakatoka polepole katikati ya watu. Kisha, Breguet alipokuwa yeye mwenyewe katika hatari, Marat akamsaidia kupata barua ya kusafiri. Mwaka 1793 akakimbia na mwanawe mpaka Uswisi, akaacha atelie na vyombo. Mwaka uleule Marat aliuawa, na malkia akakatwa kichwa tarehe 16 Oktoba.

Mwaka 1795 akarudi Paris. Alikuta kazi imeharibika na watu hawana feza. Mtu mwingine angelia. Yeye akatengeneza saa nyepesi, yenye mshale mmoja tu, vyuma vichache na vyenye nguvu, ili fundi wa mahali popote aweze kuifungua na kuirudisha. Mnunuzi alilipa kwanza sehemu ya nne ya bei, na kwa feza hizo kazi ilianza. Kwa maoni yangu saa hii inapita zile za wafalme, ingawa vitabu vinazitaja zaidi zile za wafalme.

Tarehe 26 Juni 1801 alipata cheti cha serikali kwa ajili ya kitu kinachoitwa turbiyoni. Saa ya mfukoni inasimama wima siku nzima, na uzito wa dunia unavuta gurudumu upande mmoja. Basi akaliweka gurudumu na vyombo vyake ndani ya kikapu kidogo kinachozunguka, ili kosa la upande huu lisahihishwe na kosa la upande ule. Watu wa leo wanalipa mali nyingi sana kwa turbiyoni, na wengi hawajui sababu yake.

Wezi wa jina hawakukosa. Waliandika Breguet juu ya saa mbaya, zikauzwa pote Ulaya. Yeye akajibu kwa kuandika jina lake kwa siri juu ya uso wa saa, dogo sana, halionekani ila ukiinamisha saa kwenye mwangaza. Tena kila saa ilikuwa na namba, na atelie ilishika daftari za mauzo na daftari za matengenezo. Saa ikirudi, walijua ni ipi na imefanyiwa nini.

Kwa wafanyakazi wake alikuwa mtu mwema. Husimuliwa kwamba mfanyakazi akileta hesabu yake inayoisha na sifuri, na kazi ikiwa nzuri, Breguet alichukua kalamu, akaitia ile sifuri mkia, ikawa tisa. Mwaka 1816 akaingia katika Akademi ya Sayansi ya Ufaransa. Uzeeni masikio yake yakawa mazito, lakini aliendelea na kazi mpaka alipokufa, tarehe 17 Septemba 1823, na miaka 76.

Kuna saa moja sijaitaja. Mwaka 1783 aliagizwa saa kwa malkia Marie-Antoinette, yenye kila ufundi uliojulikana wakati ule, bila kuhesabu bei wala muda. Ilipewa namba 160. Malkia alikufa bila kuiona. Breguet naye alikufa haijaisha. Atelie iliimaliza mwaka 1827, miaka 44 kisha kuagizwa. Mwaka 1838 mzee mmoja mwenye cheo, marquis de la Groye, aliileta kutengenezwa, na hakurudi kuichukua. Alikufa, hakuna mtoto wala ndugu aliyekuja kuidai. Ikangoja kwenye atelie mpaka mwaka 1887 ilipouzwa. Mwisho ikafika nyumba ya makumbusho ya Yerusalemu, ambamo mwaka 1983 mwivi aliingia usiku akaichukua pamoja na nyingine nyingi. Polisi walitafuta miaka na miaka. Mwaka 2007 ikajulikana kwamba imepatikana, na namba yake ni ileile ya daftari, 160.