Lars Leksell: Mpasuaji wa ubongo aliyetaka kisu kiwekwe kando

MGONJWA ambaye saratani ya mapafu imegunduliwa mapema, uvimbe ukiwa mdogo na haujasambaa, kwa kawaida hushauriwa apasuliwe. Lakini wengi wa wagonjwa hao ni wazee waliovuta sigara kwa miongo mingi. Mapafu yamechakaa, moyo umechoka, na kifua hakiwezi kustahimili kufunguliwa. Kwa watu kama hao, leo kuna matibabu ambapo miale mingi huelekezwa kwenye uvimbe mmoja kutoka pande mbalimbali, mara tatu hadi tano tu, na mgonjwa akarejea nyumbani siku iyo hiyo.

Aliyebuni msingi wa tiba hiyo hakuwahi kuwa daktari wa mapafu. Alikuwa Lars Leksell, bingwa wa upasuaji wa ubongo kutoka Uswidi, aliyeaga dunia miaka mitano kabla ya wazo lake kuvuka shingo na kuingia kifuani.

Leksell alizaliwa Novemba 23, 1907, karibu na jiji la Gothenburg. Baada ya kusomea udaktari katika Taasisi ya Karolinska, Stockholm, alianza mwaka wa 1935 kufunzwa upasuaji wa ubongo na Herbert Olivecrona, mwalimu aliyesifika kote Ulaya. Enzi hizo fuvu lilipofunguliwa, hatari ilikuwa kubwa. Damu ilivuja, vijidudu viliingia na ubongo uliojeruhiwa haukurudi ulivyokuwa. Kijana huyo aliyaona hayo kila siku, na inaelekea hakuyazoea.

Vita vya Finland dhidi ya Umoja wa Kisovieti vilipozuka mwishoni mwa 1939, alijitolea kwenda kuwatibu majeruhi. Ni huko alikopata wazo la koleo maalumu la kung'ata mfupa, ambalo bado linajulikana kwa jina lake. Aliporudi aliingia maabara, na mwaka wa 1945 akachapisha utafiti kuhusu nyuzi za neva zinazorekebisha mkazo wa misuli. Utafiti huo pekee ungetosha kumpa mtu jina. Kwake ulikuwa kituo tu cha njiani.

Mwaka wa 1947 alizuru Philadelphia, Marekani, alikokuta madaktari wakitumia kifaa cha kuipima sehemu yoyote ya ubongo kwa vipimo vya urefu, upana na kina. Alirejea Uswidi na kuunda chake, alichokichapisha mwaka wa 1949. Kilikuwa fremu ya chuma iliyofungwa kichwani, yenye tao la nusu duara. Uzuri wa tao hilo ni kwamba sindano, hata ikiingizwa kutoka upande gani, ncha yake iliishia palepale kitovuni.

Hapo ndipo alipojiuliza swali lililobadilisha kila kitu: ikiwa njia zote zinaishia mahali pamoja, kuna haja gani ya sindano? Mwaka wa 1951 alipendekeza miale itumike badala yake, na akaupa upasuaji huo usio na kisu jina lake la kitaalamu. Hoja yenyewe ni nyepesi. Mwale mmoja dhaifu hupita kwenye ngozi na ubongo bila kudhuru sana. Lakini miale mingi ikikutana mahali pamoja, nguvu zake hujumlika na kuua seli zilizo hapo. Haba na haba hujaza kibaba, hata katika fizikia.

Kulitekeleza wazo hilo kulimchukua miaka 17. Alianza na mashine ya eksirei, kisha akashirikiana na mwanafizikia Börje Larsson wa Uppsala kutumia miale ya protoni. Mitambo ya protoni ilikuwa mikubwa na migumu mno kwa hospitali ya kawaida. Hatimaye, mwaka wa 1968, chombo chenye vyanzo 179 vya kobalti, vyote vikilenga nukta moja, kilianza kazi katika hospitali ya Sophiahemmet, Stockholm. Kikaja kuitwa Kisu cha Gamma, ingawa hakikuwa na makali yoyote. Ajabu ni kwamba hakikukusudiwa hasa kutibu uvimbe, bali maumivu sugu na maradhi ya kutetemeka. Uvimbe ulichukua nafasi ya kwanza baadaye.

Mwaka wa 1972 alianzisha kampuni ya Elekta pamoja na mwanawe Laurent, na miaka miwili baadaye akastaafu uprofesa. Alifariki Januari 12, 1986, akiwa matembezini katika milima ya Alps, Uswisi. Alikuwa na umri wa miaka 78.

Kikwazo alichokiacha kilikuwa pumzi. Fuvu hufungwa likatulia, pafu halifungiki. Uvimbe uliomo hupanda na kushuka kila mgonjwa anapovuta hewa. Mnamo 1991, Ingmar Lax na Henric Blomgren wa Karolinska walianza kuwalaza wagonjwa katika fremu ya mwili mzima, tumbo likibanwa ili pumzi iwe fupi. Kwingineko John Adler, Mmarekani aliyekuwa mwanafunzi wa Leksell mwaka wa 1985, aliunda mashine inayoshikwa na mkono wa roboti na kuufuata uvimbe unaposogea. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta ilizindua mashine ya aina hiyo mwaka wa 2023.

Matokeo ya utafiti wa Marekani yaliyochapishwa 2010 yaliwanyamazisha wengi waliokuwa na shaka. Kati ya wagonjwa 55 wasioweza kupasuliwa, uvimbe uliotibiwa ulidhibitiwa kwa takriban asilimia 98 baada ya miaka mitatu. Hata hivyo, waliokuwa hai kufikia wakati huo walikuwa takriban asilimia 56, kwani saratani ilijitokeza kwingine kwa baadhi yao, na wengi walikuwa na maradhi mengine. Aidha, uchunguzi wa 2006 ulikuwa umeonyesha kwamba uvimbe ulio karibu na njia kuu za hewa ukipigwa kwa vipimo vikali hivyo, mgonjwa aweza kudhurika vibaya. Madaktari tangu hapo hugawa kipimo katika vikao zaidi, na mgonjwa mwenye nguvu za kutosha bado hushauriwa kwanza aende kwa mpasuaji.